Tundu Lisilokuwapo

Katika chumba chetu cha kusomea picha za mionzi kuna skrini mbili zinazotazamana na mlango. Ya kwanza inaonyesha vipande vya kijivu vya kichwa, kimoja baada ya kingine, kuanzia shingoni kwenda utosini. Ya pili inaonyesha fuvu zima, rangi ya pembe za ndovu, likizunguka taratibu. Kila anayepita husimama kwenye fuvu: wanafunzi, wahudumu, ndugu wa wagonjwa, wageni kutoka wizarani. Kwenye kijivu hasimami mtu. Lakini daktari bingwa akikaa kuandika ripoti, fuvu analitupia jicho mara moja, kisha anarudi kwenye kijivu na kubaki huko hadi amalize kazi.

Mafuvu hayo nayatengeneza mimi. Si daktari, ni mtu wa kompyuta niliyeletwa hospitalini kurekebisha seva ya picha, nikaona mambo, nikabaki. Wanaolistaajabia fuvu siwacheki, maana baadhi yao ndio wanaopitisha bajeti. Ila miaka niliyokaa katika kazi hii imenipa msimamo mmoja ambao wenzangu wameuchoka kuusikia: picha ya pande tatu ambayo anayeitazama hawezi kuigeuza, kuikata wala kubadilisha namba iliyoizaa, bado haijafika kuwa ushahidi. Ni maoni ya aliyeitengeneza, yamepakwa rangi.

Kompyuta niliisomea Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambazo kadi ya michoro yenye nguvu ilikuwa kitu cha kusikia kwa watu. Kilichonifungua macho ni programu ya bure iitwayo VTK, ambayo Will Schroeder, Ken Martin na Bill Lorensen walianza kuiandika mwaka 1993 ili iende sambamba na kitabu chao. Pamoja nayo yalikuja mafaili ya mfano, na mojawapo lilikuwa kichwa cha mtu kilichopigwa CT, yaani picha za mionzi za kipande kwa kipande: vipande 93, kila kimoja nukta 64 kwa 64. Zidisha utapata 380,928. Kwa kompyuta, basi, yule mtu alikuwa orodha ya namba zisizofika laki nne, na hakuna hata moja iliyoandikiwa ubavuni kwamba hii ni ngozi na hii ni mfupa.

Mfano wa kwanza wa kitabu ulinitaka nichague namba moja, 500. Nikaendesha programu, nikasubiri, ukatokea uso wa binadamu, pua na paji na yote. Mfano wa pili ulileta namba nyingine, 1150. Nikaiweka mahali pa 500, uso ukatoweka, likabaki fuvu. Faili lile lile, programu ile ile, kilichohama ni namba. Nikawa napandisha na kushusha kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Nilipozisogelea namba za katikati, zile za nyama na ubongo, yakatokea matambara yaliyochanikachanika, yasiyofanana na kiungo chochote nikijuacho. Usiku ule nilielewa kwamba ndani ya faili hamna picha. Picha inazaliwa pale mtu anapoamua.

Namba zenyewe zina ukoo wake, na sehemu ya ukoo huo iko barani kwetu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kufikiria hesabu za kuona ndani ya mwili kwa mionzi inayopita pande nyingi alipokuwa akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, akatengeneza mashine bila kuzijua hesabu za mwenzake, na mgonjwa wa kwanza akapimwa Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wakapewa Nobeli kwa pamoja. Kipimo tunachotumia hadi leo kina jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta yako karibu na hasi 100, ubongo ni thelathini na kitu, damu mbichi iliyoganda ni sitini hadi themanini, na mfupa unaanzia mia kadhaa kwenda juu kupita 1000. (Faili langu la mfano lilikuwa limesogezwa ili hewa iwe 0, ndiyo maana ngozi ilipatikana kwenye 500.)

Njia ya kuuchonga uso kutoka kwenye namba ilitangazwa mwaka 1987 na William Lorensen, huyo huyo wa VTK, pamoja na Harvey Cline, wote watu wa General Electric, Marekani. Ni njia rahisi kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini hakuifikiria yeye. Chukua mchemraba mdogo ambao kila pembe yake ni namba moja ya faili. Pembe ziko nane. Kila pembe, uliza: imevuka kizingiti, yaani ile namba uliyoichagua, au haijavuka? Majibu ni mawili kwa kila pembe, kwa hiyo mchemraba mzima una hali 256, ambazo ukizigeuzageuza na kubadilishana ndani kwa nje zinapungua hadi 15. Kwa kila hali kuna pembetatu zilizokwisha kuandaliwa jedwalini. Mchemraba unatembea faili zima, unaacha pembetatu nyuma yake, na mwishoni una fuvu la kulishika na kuligeuza. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake pia uko hapo hapo: pembe ama iko ndani ama iko nje. Hakuna "labda".

Siku moja aliletwa mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Alipimwa, nikaletewa vipande, nikatengeneza fuvu kwa kizingiti cha 300 kama desturi. Ndani ya shimo la jicho la kulia, kwenye dari yake, palikuwa na uwazi ambao ncha ya kidole gumba ingepita. Bibi yake aliyemleta alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, na mlango ulikuwa wazi. Akainuka.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba baba. Hapo juu ya jicho ndipo alipopasuka?"

Daktari kijana aliyekuwa kando yangu alikuwa na swali hilo hilo mdomoni, ila yeye hakulitoa.

"Usiogope bibi, hebu tazama," nikasema. Nikashika kitelezi cha kizingiti, nikakishusha polepole: 250, 200, 150. Ukingo wa tundu ukaanza kujikunja kwa ndani. Kwenye 120 dari ikawa imefungwa kabisa, imeenea, nyembamba.

"Umeliziba?"

"Sijaliziba, bibi. Naona kama halikuwapo. Ila mkubwa wetu atakuja kuthibitisha."

"Sasa kama halikuwapo," akasema, "mlilionyesha la nini?"

Nimeulizwa maswali mengi na watu wenye shahada, na hakuna lililonibana kuliko hilo. Jibu lake refu ni hesabu ya darasa la saba. Dari ya shimo la jicho ni mfupa mwembamba sana, na umelala. Vipande tulivyoletewa vilikuwa na unene wa milimita 5. Tuseme mfupa pale una milimita moja na thamani yake halisi ni 800. Juu yake kuna ubongo wenye 35, chini yake kuna mafuta ya jicho yenye hasi 100. Punje moja ya faili, hiyo tunayoiita vokseli, haiwezi kubeba namba tatu, inabeba wastani. Sehemu moja ya tano ya 800 ni 160. Sehemu mbili za tano za ubongo ni 14. Sehemu mbili za tano za mafuta ni hasi 40. Jumla, 134. Mfupa upo, umekamilika, lakini faili linasema 134, na mimi nimeiambia kompyuta kwamba chochote kilicho chini ya 300 si mfupa. Kompyuta ikatii.

Nani basi alilionyesha tundu? Aliyechagua unene wa vipande na aliyechagua 300. Mtoto hakuhusika. Na usidhani 120 ndiyo namba ya haki. Ukishusha kizingiti namna hiyo chembechembe zinaanza kuelea hewani pasipo na kitu, na mianya halisi nayo inazibika, ukiwemo ule wa ufa mwembamba ambao daktari anautafuta. Kwa hiyo hatukuamua kwa kitelezi. Daktari bingwa alipofika alimwomba mtaalamu wa mashine atengeneze upya vipande vya milimita moja kutoka kwenye data ghafi, ambayo kwa bahati mashine ilikuwa bado haijaifuta. Dari ilikuwa nzima. Kitelezi hakikutoa jibu. Kilifanya kazi nyingine, kilituonyesha kwamba tundu linategemea namba, na kitu kinachotegemea namba hakiandikwi kwenye ripoti kabla ya kuulizwa tena.

Haya ya kugeuza na kusogeza wapo wanaoyaona mapambo, vitu vya kuwafurahisha wageni. Historia inasema vingine. Miaka ya 1960, huko MIT, Cyrus Levinthal alikuwa akichora protini kwenye skrini ya kompyuta kwa mistari mitupu, bila kivuli wala rangi. Ikisimama, protini ile ilikuwa fujo ya nyuzi. Kwa hiyo wakaweka kifaa cha mviringo ambacho mtafiti aliwekea kiganja, na kwa kukisukuma huku na huku molekuli ikazunguka upande na kwa kasi aitakayo. Ikizunguka, macho yanakipata kina chake mara moja. Jambo hilo Hans Wallach na O'Connell walikuwa wamekwisha kulionyesha mwaka 1953 bila kompyuta yoyote: kivuli cha waya uliopindwa, kikiwa kimetulia ukutani, ni mstari bapa; uzungushe waya, na kivuli hicho hicho kinaonekana kuwa na pande tatu. Wanafunzi wangu huwa nawafanyia hivyo kwa waya wa hanga, tochi ya simu na ukuta mweupe. Kabla sijauzungusha wanacheka. Nikiuzungusha wananyamaza, halafu kila mmoja anataka kuushika.

Lakini mkono una masharti. Ukisogeza kipanya na picha ikachelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mkono na jicho vinaachana. Kompyuta yetu ya zamani ilichukua sekunde kadhaa kuchora upya kila ulipogusa kitu, na nikawa nawatazama madaktari. Daktari anageuza mara moja, anasubiri, anageuza mara ya pili, anasubiri, mara ya tatu hageuzi tena. Anachukua ile pembe iliyopo na kuendelea na maisha. Kwa maneno mengine, mashine nzito ilikuwa inaamua ni upande gani wa mgonjwa utazamwe. Tangu nilipoliona hilo nimekuwa nikigombania kasi kuliko ninavyogombania uzuri wa picha.

Kasi yenyewe haipatikani bure. CT ya kifua yenye vipande 400 vya nukta 512 kwa 512 ina vokseli zaidi ya milioni 104. Marc Levoy mwaka 1988, na watafiti wa Pixar mwaka huo huo kwa namna yao, walionyesha njia ya kuachana na pembetatu kabisa. Kwa njia ya Levoy, kila nukta ya skrini inapeleka mshale ndani ya data, mshale unapita ukikusanya rangi na ukungu kidogo kidogo, na unachotoka nacho ndicho kinachochorwa. Hakuna tena ndani au nje. Ngozi inaweza kuwa wingu jepesi na mfupa ukaonekana nyuma yake. Ila skrini ya nukta milioni moja, kila mshale ukisimama mara 500 njiani, ni hatua milioni 500 kwa picha moja, na mkono unataka picha kumi kwa sekunde. Ndipo zinapoingia hila za kazi. Mshale ukishakutana na kitu kizito, usimamishe, kilicho nyuma hakitaonekana. Penye hewa tupu, ruka. Na wakati kipanya kinasogea, chora kijuujuu, vokseli moja kati ya kadhaa, kikisimama, kamilisha. Ukiwahi kuona picha ya namna hii ikigeuka matope pale inapozungushwa, kisha ikanawiri mkono unapotulia, ujue si ubovu. Ni mtu aliyefikiri vizuri. Wanaopaswa kushukuriwa ni vijana wa gemu: kadi za michoro zilizoifanya kazi hii iwezekane kwenye meza ya kawaida zilitengenezwa kwa ajili yao, si kwa ajili ya wagonjwa wetu.

Hila ninayoiogopa ni ile ya kupunguza pembetatu. Fuvu lenye pembetatu milioni mbili ni zito, kwa hiyo programu inaunganisha zile zilizo bapa na kulainisha zilizobaki. Fuvu linapendeza, linazunguka kama upepo, na ufa mwembamba uliokuwa pale umepigwa pasi. Ruhusa yangu kwa wanafunzi ni moja: punguza kinapotembea, rudisha chote kinaposimama. Anayepunguza moja kwa moja na kulifuta faili la asili, huyo simpi kazi ya pili.

Kwa njia ya mishale kizingiti kimoja kinageuka kuwa mchoro mzima, mstari unaosema kila thamani ipewe rangi gani na uwazi kiasi gani. Ni hapo wataalamu wa kompyuta tunapojipatia ufalme, kwa sababu mchoro huo ni mgumu kuuchezea, na daktari anabaki kuletewa ulichompikia. Programu ya 3D Slicer, ambayo chimbuko lake ni Boston na tunayoitumia kila siku, ilinipunguzia ufalme kwa kitelezi kimoja tu kinachousogeza mchoro wote kushoto na kulia. Daktari wetu mmoja mkongwe, mtu asiyependa kuelezwa, alinitazama nikikisogeza, akasema, "Kijana, nipishe kwenye kiti." Akakaa. Akasogeza kushoto hadi misuli ikafunika kila kitu, akarudi kulia hadi mishipa yenye dawa ya kuing'arisha ikabaki peke yake pamoja na mifupa, akarudi tena, mara hii polepole, akasimama mahali ambapo mshipa mmoja ulikuwa unakatika na kuungana, unakatika na kuungana. "Hapa pamebana," akasema. "Ungenipa picha yako ya kwanza ningeona pamekatika. Ungenipa ya pili ningeona pazima." Tangu siku hiyo nimeacha kumpelekea picha. Nampelekea faili.

Kuna mahali ambapo hata mkono haufui dafu, na haki ya Mungu lazima niliseme. Picha za mishipa mara nyingi huchorwa kwa kuchukua namba kubwa kuliko zote katika kila mshale na kutupa nyingine. Mishipa inang'aa vizuri sana. Lakini namba kubwa kuliko zote ni ile ile uanzie mbele au nyuma, kwa hiyo picha ya usoni na ya kisogoni ni kitu kimoja kilichopinduliwa tu. Izungushe, na nusu ya watu chumbani watakuambia inaenda kulia, nusu kushoto. Wote wako sahihi kadiri picha inavyosema. Hapo dawa ni kukata: kuweka ubapa unaopita katikati na kuondoa nusu ya mbele, au kurudi kwenye kijivu.

Na kijivu, kama picha nyingine bapa, kina heshima zaidi ya wanavyodhani wapita njia. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio walilofanya kwa watu wa fani ya udaktari waliotakiwa kutafuta sehemu zenye hatari katika mishipa ya moyo. Walipopewa mshipa wa pande tatu uliopakwa rangi za upinde wa mvua, walizipata asilimia 39 tu za sehemu hizo. Walipopewa mishipa iliyokunjuliwa bapa na kupakwa rangi zinazokolea hatua kwa hatua, walifika asilimia 91. Upinde wa mvua unadanganya kwa sababu manjano inang'aa kuliko zote, nayo iko katikati. Jicho linakimbilia kati huku hatari iko pembeni. Na pande tatu zina kawaida ya kuficha nusu ya kitu nyuma ya nusu nyingine. Matokeo haya yananiuma mimi muuza mafuvu, lakini nayataja kila mwaka kwa wanafunzi wapya. Rangi za upinde wa mvua nimezipiga marufuku ofisini, na waliolalamika wamezoea.

Nikitaka kuonyesha upande wa pili, yaani mahali ambapo pande tatu zilifanya kile ambacho hakuna njia nyingine ingefanya, siendi mbali. Nakwenda Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi, wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walikuta, kama mita tatu chini ya sakafu ya sasa ya pango, shimo dogo lenye mifupa dhaifu mno kuweza kutolewa mmoja mmoja. Ilikuwa mwaka 2017. Hawakuichimbua. Walilifunika bonge zima kwa plasta, wakalipeleka Nairobi, na kutoka hapo likasafirishwa hadi kituo cha utafiti cha CENIEH huko Burgos, Hispania. Huko likapigwa CT ya vipande vyembamba sana, na kazi ya kutenga mfupa na udongo, mbali na ile ya mikono, ikafanyika pia kwenye skrini.

Anayejua kazi hii anaelewa ugumu wake. Mfupa wa mgonjwa wangu una 800 na nyama iliyo kandoni ina 50. Hata kipofu angetenganisha. Mfupa mkongwe uliokwisha kunywa madini ya udongo unakaribiana na udongo wenyewe kwa uzito, na hapo kizingiti kimoja hakifai kitu. Mtu anakaa anapita kipande kwa kipande, anafuata ukingo kwa jicho, anageuza, anakata, anarudi, anajadiliana na mwenzake anayejua mbavu za mtoto zinakaaje. Walichokipata, na kukichapisha katika jarida la Nature mwaka 2021 chini ya uongozi wa María Martinón-Torres, akiwemo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Kenya, ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani. Umri wa kaburi: miaka 78,000 hivi, la zamani kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Walimpa jina la Mtoto. Kutokana na jinsi kichwa kilivyoinama na mtulinga ulivyogeuka, walisema kichwa chake yaelekea kiliegeshwa juu ya kitu laini kilichooza, na mwili ulifungwa kwenye kitu kama sanda. Mto na sanda vilisomwa katika nafasi za mifupa, na nafasi hizo zingeweza kupotea kama mifupa ingetolewa mmoja mmoja pangoni.

Hilo ndilo jambo nililolitaka. Hakuna kipande cha kijivu hata kimoja kinachoonyesha kichwa kimeegeshwa. Ni uhusiano wa vitu vilivyotawanyika katika ujazo, na uhusiano hauonekani mpaka uuzunguke.

Nirudi kwenye mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Mwanafunzi mmoja aliniletea programu aliyoiandika mwenyewe, hodari kweli, ila alisahau kuieleza kompyuta kwamba nukta zinaachana kwa nusu milimita na vipande kwa milimita 5. Fuvu likatokea bapa kama chapati. Tukacheka wote, naye akarekebisha kwa mstari mmoja. Kosa la aina hiyo ni la heri kwa kuwa linajitangaza. Lisilojitangaza ni la kulia na kushoto. Vipande vya CT kwa desturi vinatazamwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa, kwa hiyo mkono wake wa kushoto uko kulia kwako. Programu nyingine zina desturi tofauti. Ukihamisha faili kutoka huku kwenda huko, tumboni utajua limepinduka maana ini litakuwa upande wa kushoto wa mgonjwa. Kichwani hutajua, pande zote mbili zinafanana, na fuvu lililopinduka linazunguka vizuri tu bila aibu. Watafiti wa MRI wengine hubandika kidonge cha vitamini E upande mmoja wa kichwa cha mtu kabla hajaingia mashineni, ili picha iwe na alama isiyobishaniwa. Kidonge! Sijaona hila ya programu niliyoiheshimu kuliko hiyo.

Wewe unayesoma, ukipimwa CT au ukampeleka ndugu yako, usitoke na filamu peke yake, hata kama wamekuchapia na fuvu la rangi. Omba faili zenyewe, zile za muundo wa DICOM unaotumiwa na mashine za hospitali, kwenye diski au flashi, na uliza kama vipande vyembamba vimehifadhiwa. Uliza siku hiyo hiyo, kwa sababu data ghafi ndani ya mashine hufutwa kupisha wagonjwa wengine, na ikishafutwa, vipande vya milimita 5 haviwezi kurudishwa kuwa vya milimita moja na mtu yeyote. Kusoma ni kazi ya daktari, na daktari wa pili utakayemfuata Moshi, Nairobi au India atazihitaji. Programu ya kuzifungua haina malipo, na kwa kichwa kimoja kompyuta mpakato ya kawaida inatosha.